Msalaba wa Kanali Dunstall

Saa sita na dakika kumi mchana, Tumpe Mwakalinga, mpelelezi wa kampuni ya bima, alishuka kwenye treni katika stesheni ya Campbelltown akiwa na njaa, faili la plastiki na muda wa saa zisizotimia nne. Sajenti aliyeshika kesi alikuwa amempigia simu asubuhi na hakumung'unya maneno. Ikifika saa kumi jioni bila ripoti ya kampuni ya bima kusema vingine, mhudumu anayetuhumiwa angefunguliwa mashtaka ya wizi. Leo hii, si kesho.

Safari ya kutoka ofisini kwake Parramatta, pamoja na kubadilisha treni Glenfield, ilikuwa imemlia zaidi ya saa nzima. Aliitumia kusoma faili mara mbili, na mara zote mbili aliishia kukuna kichwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Katika nyumba ya mzee Walter Dunstall, mgane wa miaka themanini na sita, kulikuwa na kisanduku cha kioo chenye medali ya baba wa babu yake, Kanali Ambrose Dunstall, afisa wa askari wa farasi wa enzi za Malkia Viktoria. Haikuwa medali ya hivi hivi. Ulikuwa Msalaba wa Viktoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ambayo Uingereza humpa askari wake. Familia ilitaka kuiazimisha kwenye maonyesho ya Siku ya Anzac, siku ya kuwakumbuka askari wa vita, Jumanne ijayo, wakaita mtaalamu aikague kwanza. Mtaalamu akaitazama, akaipima, akasema ni bandia, tena bandia iliyosuguliwa juzijuzi.

Mtu wa kuingia na kutoka kila siku katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, Honorine Balagizi, mama wa miaka hamsini na mmoja kutoka Bukavu, aliyekaa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na tisa kabla ya kuletwa Sydney. Kwa miaka miwili alikuwa akimwogesha mzee Walter, akimvisha na kumlisha. Binti wa Honorine, Aline, alikuwa bado kambini, na maombi yake ya viza yalikuwa mezani kwa afisa wa uhamiaji yakingoja neno la mwisho. Mdhamini wake alikuwa mama yake. Mdhamini mwenye kesi ya wizi ni sawa na kutokuwa na mdhamini, na hilo Tumpe hakuhitaji mwanasheria amweleze.

Alimkuta Honorine amekaa kwenye ukuta mfupi nje ya geti, mkoba magotini, amevaa kitenge na sweta kama mtu aliyejiandaa kwenda kanisani. Kampuni ya wahudumu ilikuwa imemsimamisha kazi, na mwana wa mzee alikuwa amemkataza kukanyaga hata bustani.

"Shikamoo, mama," Tumpe alimsalimu. "Mimi ndiye Tumpe niliyekupigia. Twende ndani."

"Bamenikataza, dada."

"Leo umeruhusiwa. Nataka unionyeshe ulichofanya, pale pale ulipokifanyia."

Craig Dunstall, mtoto pekee wa mzee Walter, alifungua mlango kabla kengele haijalia mara ya pili. Alikuwa mnene, mwekundu wa uso, na alikuwa amechukua likizo ya wiki nzima kumtunza baba yake. Kazi hiyo ilikuwa imemshinda na alionekana hivyo. Alimtazama Tumpe, kisha akamwona aliye nyuma yake.

"Huyu haingii humu."

"Asipoingia yeye, siingii mimi," Tumpe alisema. "Na nisipoingia mimi, madai yako ya bima yatalala."

"Lakini amekiri! Amesema kwa mdomo wake kwamba aliitoa kwenye kisanduku."

"Kuitoa na kuiiba ni mambo mawili, Bwana Dunstall."

"Kwangu mimi ni jambo moja," Craig alisema, lakini alijitoa mlangoni.

Sebule ilikuwa ya Kanali, si ya Walter. Kanali alikuwa ukutani katika fremu nzito, amesimama kando ya farasi, masharubu yamepindwa juu, kifua kimejaa nishani. Upanga wake mrefu ulining'inia chini ya picha. Tandiko lake la ngozi lilikuwa kwenye stuli ya mbao kana kwamba farasi angekuja kuliulizia. Na kando ya meko ya kuotea moto, katika kiti cha kuegemea, blanketi magotini, alikaa mzee Walter mwenyewe, mwembamba, macho ya buluu, vifungo vya shati vimefungwa kombo. Honorine aliviona vile vifungo. Mkono wake ulianza kwenda, akaurudisha haraka.

"Habari za mchana, Honorine," mzee alisema kwa adabu.

Honorine aliitikia kwa kichwa tu.

"Baba ameandika kitabu kizima juu ya Kanali," Craig alisema, akionyesha rundo la karatasi mezani. "Miaka thelathini anakiandika, kwa taipureta. Soma, uone tumeibiwa nini."

Tumpe alivuta kiti akasoma. Kila sura ilikuwa imebanwa kwa kibanio chake kikubwa cha chuma, na kila ukurasa ulikuwa na namba yake juu kwa kalamu nyekundu. Alisoma upesi, anavyosoma ripoti za moto na ajali, akitafuta tarehe. Kanali alizaliwa Devon mwaka 1836, mtoto wa saba wa kasisi asiye na kitu. Akiwa na miaka kumi na minane alikuwa afisa wa cheo cha chini kabisa Krimea, akiendesha farasi mwenye njaa kwenye theluji. Mwaka 1858, huko India, kikosi chake kilirudishwa nyuma kuvuka mto chini ya risasi. Yeye akageuza farasi, akarudi ng'ambo, akampakia mpiga tarumbeta aliyejeruhiwa. Farasi alipigwa risasi katikati ya maji, na yeye akamaliza njia akiwa amemkokota yule kijana kwa ukosi wa koti. Kwa hilo alipewa msalaba. Mwaka 1868 alipanda milima ya Uhabeshi. Mwaka 1879 aliletwa Sydney kuwafundisha wapanda farasi wa koloni, na mwaka uliofuata akaoa binti wa mfugaji mkubwa wa kondoo. Waandishi wengine hupamba; mzee Walter hakupamba, na Tumpe alijikuta anampenda Kanali bila kutaka.

Alifika sura ya tisa. Iliishia ukurasa wa 211. Alichukua kibanio kilichofuata, akasoma kichwa chake, akarudi nyuma kuhakikisha. Ilikuwa sura ya kumi na moja, na ilianzia ukurasa wa 230.

Aliandika namba hizo kwenye daftari na kuendelea. Sura ya kumi na moja ilianza na Kanali aliyestaafu jeshi mwaka 1884 akiwa na miaka arobaini na minane, ghafla, kwa sababu za afya. Kurasa nne mbele, mgonjwa huyo alikuwa ameshinda mbio za farasi za kuruka viunzi, mwaka 1886.

"Afya gani hiyo," Tumpe alijisemea kwa Kiswahili, akasimama. "Mama Aline, nionyeshe jikoni."

Jikoni palikuwa safi upande mmoja na pachafu upande mwingine. Upande mchafu ulikuwa wa wiki hii. Tumpe alifunga mlango, akatandika kitambaa mezani, akaitoa medali kwenye mfuko wa ushahidi ambao sajenti alikuwa amemkabidhi kwa saini. Iling'aa kama kitasa kipya cha mlango.

"Mi sikuiba kitu, dada Tumpe," Honorine alianza kabla hajaulizwa. "Niliitosha mu kioo siku ya Ijumaa Kuu. Niliona iko nyeusi, imechakaa, na bageni banakuja kuiangalia. Kwetu mgeni akikuja, hauwezi kumwonyesha kitu kichafu. Ni haya ya mwenye nyumba."

"Ukaisafisha na nini?"

"Na ndimu, na majivu, na chumvi kidogo. Vile tunasafishaka shaba. Kule Bukavu miye njo nilikuwa nasafisha misalaba na vinara vya paroisse, kanisa letu, kila Pasaka. Basœur, bale masista, banafurahi, inang'aa mpaka unaona sura yako."

Tumpe hakujua acheke au alie. Katika Sydney nzima huenda hapakuwa na mtu mwingine ambaye angeuona Msalaba wa Viktoria na kuwaza ndimu. Kila mpenda medali anajua kwamba weusi wa msalaba ule ndio heshima yake. Ukiusugua umeuvua nguo. Lakini wazo moja lilimpa matumaini. Pengine hapakuwa na wizi wowote. Pengine huu ulikuwa msalaba wa kweli, umesuguliwa tu na mtu aliyetaka kumsitiri mwenye nyumba.

Akampigia Bridget Carmody, yule mtaalamu.

"Nilijua utauliza," Bridget alisema. "Ningeitambua hata ingesuguliwa na mchanga. Misalaba ya kweli hutengenezwa kwa shaba iliyoyeyushwa kutoka kwenye mizinga ya zamani. Hii ina zinki tele. Nimeipima kwa mashine mara tatu."

"Lakini Kanali alipewa kweli?"

"Alipewa. Jina lake limo kwenye orodha mpaka leo, halina doa. Yaani ya kweli ipo mahali, na siyo hiyo uliyoshika."

"Uliikagua upande wa nyuma? Kila herufi?"

Bridget alisita. "Ilishindwa kipimo cha madini, nikaiweka chini. Kitu kikishashindwa, sikiangalii zaidi. Ndivyo tunavyofanya sote."

Dhana ya kwanza ikafia hapo. Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu. Tumpe alihamia kwenye dhana ya pili, iliyokuwa imesimama sebuleni na uso mwekundu. Craig ndiye aliyedai fidia, Craig ndiye aliyemnyooshea kidole Honorine. Lakini mtu aliyebadilisha medali kwa siri hamwiti mtaalamu aje kuipima, tena kwa hiari yake. Hata mjinga hafanyi hivyo, na Craig hakuwa mjinga. Alikuwa na hasira tu. Dhana ya pili nayo haikuchukua dakika tano.

Basi akafanya ambalo Bridget hakulifanya. Alitoa kioo cha kukuzia, akaisogeza medali karibu na dirisha, akaanza kuikagua pole pole, ncha moja baada ya nyingine. Mbele, simba na taji. Nyuma, katikati, tarehe ya tendo la ushujaa. Kwenye kipande cha juu kinachoshika utepe, nyuma yake, jina la Kanali na kikosi chake. Majivu yalikuwa yameganda ndani ya herufi, meupe, na kila mchoro ulisomeka kama chaki ubaoni. Alitaka kuiweka chini alipoona, pembeni kabisa mwa kile kipande, alama ndogo nyeupe ambazo jicho tupu lingezidhania mikwaruzo.

Aliinamisha kichwa. Akafuta kioo kwa shati, akatazama tena.

HOBLEY. SYDNEY. 1884.

Ilikuwa alama ya sonara. Ilikuwa imefichwa chini ya vanishi nyeusi miaka na miaka, wala hapakuwa na mtu aliyeiona, mpaka mama mmoja wa Bukavu alipoikwangua kwa ndimu na kuijaza majivu.

"Mungu wangu," Tumpe alisema kwa sauti.

"Nini tena?" Honorine alishtuka, akashika ukingo wa meza. "Nimeiharibu zaidi?"

"Mama Aline, hiki kitu kimetengenezwa hapa hapa Sydney, mwaka 1884. Hata bibi yako alikuwa hajazaliwa."

Honorine alijishika kifua. Lakini Tumpe alikuwa ameshaanza kusikia sauti ya sajenti kichwani: nakala za kale zinauzwa mtandaoni, amenunua moja, akaiweka, akaondoka na ya kweli. Alama peke yake isingetosha. Ilibidi apatikane mtu aliyejua kwamba bandia ilikuwa ndani ya kile kisanduku kabla Honorine hajalijua hata geti la nyumba.

Alitupa macho jikoni, na ndipo kitu kingine kilipomjia. Yeye mwenyewe alikulia Tukuyu, alisugua sufuria kwa majivu mpaka vidole vikapasuka. Aliliangalia jiko la Walter. Lilikuwa la umeme, jeupe, la kioo juu.

"Mama Aline. Majivu uliyatoa wapi?"

"Mu salon. Kwenye ile meko."

"Nani aliwasha moto?"

"Mzee mwenyewe. Alhamisi Kuu. Na siku ile ilikuwa joto kabisa, batu banakwenda baharini! Nilimwuliza kama iko na homa, akasema anasikia baridi, akanituma duka la dawa. Kurudi, moto umekwisha." Honorine alikunja uso akikumbuka. "Tena yalikuwa majivu mabaya. Hayakuwa ya kuni. Ya makaratasi, mepesi, hayana nguvu ya kusugua. Njo ile maana nilitia na chumvi."

Tumpe alisimama polepole.

Sebuleni Craig alikuwa anajaribu kumnywesha baba yake supu. Tumpe alipiga magoti mbele ya meko bila kuomba ruhusa, akavaa glavu, akapitisha mkono chini ya wavu wa chuma. Majivu mengine yalikuwa yameshazolewa. Nyuma kabisa, kwenye pembe, vidole vyake vilikutana na kitu kigumu. Alikitoa, akakiweka juu ya rundo la karatasi, kando ya wenzake. Kilikuwa kibanio kikubwa cha chuma, kimeungua mpaka kimekuwa cheusi.

Kijiko cha supu kilibaki hewani mkononi mwa Craig.

"Craig," Tumpe alisema, bila kumwondolea macho mzee. "Ulimwambia lini baba yako kwamba mtaalamu atakuja?"

"Wiki ya Pasaka. Jumatano. Kwa nini?"

"Kesho yake baba yako aliwasha moto, siku ya joto, akamtuma Mama Aline dukani asimwone. Alichoma sura ya kumi, kurasa 212 mpaka 229. Kila ukurasa wa kitabu hiki ameuwekea namba kwa kalamu nyekundu. Huyu si mtu wa kupoteza karatasi." Alivuta pumzi. "Bwana Walter, Kanali alifanya nini mwaka 1884?"

Mzee alikisukuma kijiko kando. Alimtazama yule mtu wa ukutani kwa muda.

"Una akili," alisema.

"Sina muda. Nijibu."

"Aliirudisha." Sauti ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka. "Kulikuwa na mke, Ireland. Wa ndoa, wa kanisani. Na watoto watatu. Aliwaacha mwaka 1879 akiwaambia atawaita. Mwaka 1884 huyo mke aliiandikia Wizara ya Vita kwamba mumewe ameoa mwingine. Wakampa Kanali nafasi ya heshima: arudishe msalaba kimya kimya, aache jeshi, na jina lake halitafutwa. Akaupeleka posta kwenye bahasha. Wiki hiyo hiyo akaenda kwa Hobley akatengenezewa mwingine. Aliuvaa mpaka akazikwa kwa mizinga mwaka 1903."

Bakuli la supu lilimponyoka Craig, likamwagika kwenye zulia. Hakuliokota.

"Huyu binti wa mfugaji," alisema. "Bibi yetu. Hakuwa mke wake?"

"Kwa sheria, hapana."

"Na wewe ulijua?"

"Baba yangu aliniambia nilipofika miaka thelathini, na yeye aliambiwa na baba yake. Barua ya Wizara ilikuwa pamoja na sura ya kumi. Nilitaka uisome nikishakufa. Kisha ukamwita yule mtaalamu, na Siku ya Anzac, na watu wa magazeti... Nikaogopa, Craig. Nilijua atasema ni bandia. Nilidhani tutasema ilibadilishwa zamani, ilipopelekwa kwa mafundi, hakuna wa kulaumiwa."

"Wa kulaumiwa alipatikana," Tumpe alisema.

"Mimi sikumtaja! Alisema mwenyewe kwamba aliitoa."

"Ulikuwa umekaa kwenye kiti hicho wakati mwanao anapiga simu polisi?"

"Nilikuwa hapa."

"Na siku nane zote hizi ulikuwa hapa."

Craig aligeuka, akatazama dirishani, mabega yamemshuka. Kwa mara ya kwanza tangu afungue mlango hakuwa na hasira na mtu. Alionekana kama aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua.

Tumpe alifungua daftari lake. Aliuliza swali la mwisho kwa ajili ya ripoti tu, kwa sauti ya kazi. "Ulifahamu kwamba akishtakiwa, maombi ya binti yake yangeharibika?"

"Mambo ya uhamiaji siyafahamu vizuri," mzee alisema, akinyoosha blanketi.

"Anayafahamu, dada."

Honorine alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Tumpe hakujua ni tangu lini. Maongezi yote yalikuwa ya Kiingereza, na pengine hakuyaelewa yote, lakini aliyaelewa ya kutosha. Hakulia. Alizungumza taratibu, akimtazama mzee wala si Tumpe.

"Barua ya Aline aliandika yeye. Mwezi wa kwanza, mu meza hii. Mi Kingereza changu ni ya kuomba maji tu. Akasema, Honorine, niachie, nitakuandikia. Alisoma dossier, faili yote ya Aline, papier kwa papier, siku mbili. Njo yeye alinielezea mi mwenyewe: usipate kosa hata moja na polisi, hata la gari, ju wanaweza kumkataa Aline. Aliandika kwamba katika maisha yake hajaona mtu mwaminifu kama mi. Alinisomea, na mi nikalia. Alinipa leso yake."

Tumpe alimgeukia mzee amtafsirie, akaona hapakuwa na haja. Walter Dunstall alikuwa amesikia jina la Aline, na uso wake ulikuwa umesawijika.

Katika miaka kumi na moja ya kazi hii Tumpe alishakutana na watu waliochoma nyumba zao wenyewe, na mmoja aliyejikata kidole kwa shoka. Wote hao walijidhuru wao wenyewe. Mzee alikuwa amejua tarehe, jina la afisa, hatua ya mwisho, kila kitu. Aliyapima pamoja, jina la marehemu wa mwaka 1903 na binti wa miaka ishirini na mitatu aliyeko kambini, akachagua.

"Honorine," mzee alisema. "Sikudhani wangefika mbali hivi."

Honorine alichukua mkoba wake.

Maelezo yaliandikwa kurasa mbili. Mzee alitia saini saa tisa na dakika ishirini, na Craig akatia yake kama shahidi. Tumpe alipiga picha ya alama ya sonara, kibanio kilichoungua na namba za kurasa, akatuma vyote, kisha akampigia sajenti. Sajenti alisoma huku Tumpe anamsikia akipumua. Mara akatoa tusi la mshangao.

"Hakuna mashtaka," alisema. "Mwambie aende nyumbani. Huyo mzee nitakuja kumwona mwenyewe."

Walitoka pamoja. Craig aliwatangulia, akamfungulia Honorine geti na kusimama ameinamisha kichwa. Walipofika kwenye njia ya miguu Tumpe alimketisha Honorine ukutani pale alipomkuta mchana. Akampa maji. Akamweleza mara mbili, kwa maneno mepesi, kwamba imekwisha, hana kesi, kampuni itapelekewa barua kesho.

"Aksanti, dada. Aksanti sana. Mungu akubariki." Honorine alikunywa, akashusha chupa. Alikaa akilikunjua na kulikunja pindo la kitenge. "Lakini niulize kitu."

"Uliza, mama."

"Ile barua yake iko mu dossier ya Aline. Ya kusema mi ni mwaminifu. Sasa polisi banakuja kuandika kwamba yeye ni mwongo. Afisa akiona jina lake, si atatupa na barua?"

Tumpe alilifungua faili lake, akalifunga tena.

"Tutatafuta mtu mwingine akuandikie," alisema hatimaye. "Mtu anayekujua vizuri, wa hapa hapa. Nitajie mmoja tu."

Honorine alifikiri. Alifikiri kweli, midomo ikicheza kimya kimya, akipitia watu mmoja mmoja.

"Nilikuwa kwake siku sita kila juma," alisema. "Hakuna mwingine ananijua."